Kabla ya Kuwa Kisu, Kilikuwa Nini?

Kisu cha kwanza nilichonunua kwa fedha yangu mwenyewe kilipinda kichwani mwa sangara. Nilikipata pembezoni mwa soko moja hapa Mwanza, na nilikichagua kwa sababu kilikuwa kinang'aa, mpini wake ulikuwa umepakwa vanishi ya kutosha, na muuzaji alinihakikishia kwamba kilifuliwa kwa mkono. Hakunidanganya. Kilifuliwa kwa mkono kweli, lakini kutokana na kipande cha nondo. Jumapili ile ile nilikiingiza nyuma ya shavu la samaki wa kilo sita, nikakikandamiza kidogo ili kipite kwenye mfupa, na bapa likageuka pembeni taratibu na kubaki hivyo hivyo. Mama yangu, ambaye alikaanga samaki Kirumba kwa miaka mingi kabla miguu haijamkatalia, alikiokota, akakilaza sakafuni, akakikanyaga kwa kisigino kikanyooka, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ulimwuliza huyo fundi, hiki kabla ya kuwa kisu kilikuwa nini?"

Sikuwa nimeuliza. Tangu siku hiyo sijanunua kisu chochote cha kufuliwa bila kuuliza swali hilo kwanza, na nimegundua kwamba jibu lake, pamoja na namna linavyotolewa, hunieleza mengi kuliko mng'ao wa bapa.

Wahunzi wa huku kwetu hawaagizi chuma kipya kutoka kiwandani. Huchukua chuma kilichokwisha kufanya kazi nyingine: springi za malori, misumeno iliyokatika, tupa zilizokwisha meno, nondo zilizobaki kwenye ujenzi, na wakati mwingine mabati mazito yasiyojulikana yalikotoka. Vyote hivyo ni chuma kwa macho, lakini motoni havifanani hata kidogo. Kinachovitofautisha ni kaboni. Nondo ya ujenzi imetengenezwa ili ipinde bila kukatika, kwa hiyo kaboni yake huwa ndogo, kwa kawaida asilimia 0.2 au 0.3 hivi, na ukiichovya kwenye oili ikiwa nyekundu haitakuwa ngumu kiasi cha kushika makali, hata fundi awe hodari namna gani. Springi ya lori huwa na asilimia 0.5 hadi 0.6, na hiyo inatosha kabisa kwa kisu kinachoweza kufanya kazi nzito bila kuvunjika. Tupa hukaribia asilimia 1 au hata kuizidi, na ndiyo maana kisu cha tupa hunoleka kikawa kama wembe, lakini kikikosewa motoni huwa kama kigae. Kwa hiyo ninapouliza kisu kilikuwa nini, naulizia jambo ambalo nyundo haiwezi kuliongeza baadaye.

Hapo zamani swali hili lisingekuwa na maana katika ukanda huu wa ziwa, kwa kuwa chuma kilitoka ardhini na mhunzi alijua udongo wake. Ng'ambo ya magharibi, Katuruka mkoani Kagera, waakiolojia walifukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri la udongo na kuyeyusha tena mbele ya wageni. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake mwaka 1978, na watu wa mbali walishangaa. Upande wa Geita walikuwepo Warongo, wafua chuma ambao majembe yao yalivuka hadi Usukumani. Leo mhunzi wa Mwanza anachimba gereji badala ya kilima, nami sioni kama amepungukiwa, mradi ajue alichookota.

Mhunzi ninayemwendea sasa anafanya kazi chini ya mwembe, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kuelekea Kisesa. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi. Fuawe yake ni kipande cha reli kilichozikwa nusu ardhini, na mvukuto wa ngozi ya mbuzi aliourithi kwa baba yake umetundikwa tu ukutani, kwa kuwa siku hizi anapuliza moto kwa feni ndogo inayozungushwa na gurudumu la baiskeli. Mara ya kwanza nilipofika nilimwamkia, nikaketi kwenye gogo na kusubiri amalize jembe la mteja mwingine. Kisha nikauliza.

"Baba, hivi vilikuwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la ukoo wake. "Hivi vitatu springi ya Fuso. Hiki msumeno wa mbao. Kile pale," akaonyesha kwa nyundo kisu kimoja kilichokuwa peke yake, "sijui. Nilikikuta kwenye chuma chakavu. Nimekitengeneza kwa kukijaribu. Usikinunue."

Muuzaji anayekwambia usinunue bidhaa yake ni wa kurudiwa. Nilikaa pale hadi alasiri, naye akanionyesha hatua ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii, nami naamini ndiyo tunayoilipia hasa. Kisu kilikuwa kimekwisha kufuliwa na kusuguliwa kwa tupa, kina umbo kamili, na mtu asiyejua angekitia mpini na kwenda nacho nyumbani. Akakirudisha kwenye mkaa, akawa anazungusha gurudumu polepole, na kila mara anakitoa na kukigusisha kwenye sumaku kuukuu ya spika ya redio iliyofungwa kwenye mti kwa waya. Mara ya kwanza kilinasa. Mara ya pili kilinasa kwa uvivu. Mara ya tatu, kikiwa na rangi ya nyanya iliyoiva, sumaku haikukishika kabisa, akakirudisha motoni kwa muda wa kuhesabu labda hadi kumi, kisha akakizamisha, ncha ikitangulia, kwenye kopo la oili chafu iliyopashwa moto kidogo. Moshi ukapanda, harufu ya gereji ikatanda chini ya mwembe wote, na kuku wakakimbia.

Sababu ya sumaku ni kwamba chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi huacha kuvutwa nayo, na joto la kukifanya kiwe kigumu kikipozwa ghafla liko juu kidogo ya hapo. Jicho peke yake hudanganywa na jua. Ndiyo maana wahunzi wengine hufanya hatua hii jioni au ndani ya banda lenye kiza. Oili nayo hupoza kwa upole kuliko maji, na chuma cha springi kikitumbukizwa majini mara nyingi hupata ufa mwembamba usioonekana hadi siku kitakapokatika mkononi mwako.

Lakini kisu kikitoka kwenye oili bado hakijawa kisu cha kutumia. Ni kigumu mno, kinaweza kumomonyoka kwa mfupa wa kuku. Yule mzee alikisugua kwa msasa hadi kikaonyesha uso mweupe, akalaza mgongo wa kisu juu ya kipande cha chuma chenye moto, nasi tukatazama rangi ikitambaa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali: kwanza manjano hafifu ya majani makavu, kisha hudhurungi, na zambarau ikifuata nyuma. Manjano ilipofika kwenye makali akakitoa upesi na kukipoza. "Hiki cha jikoni," alisema. "Cha shamba ningekiacha kidogo, zambarau ifike mbele." Manjano hiyo hutokea kwenye nyuzi 200 na kitu, zambarau karibu 280. Tofauti ni ndogo kwa hesabu, lakini ndiyo inayoamua kama kisu kitashika makali kwa siku nyingi na kuogopa mifupa, au kitavumilia kugongwa kwenye kuni na kuhitaji kunolewa mara kwa mara. Yote mawili kwa pamoja, kwa ukamilifu, hayapatikani kwenye chuma kimoja, na anayekuahidi yote mawili nina shaka naye.

Kisu changu cha pili, niseme ukweli, kilinifundisha hatua hii kwa hasara. Kilitokana na tupa, kilikuwa kikali ajabu, na fundi wake alikuwa ameruka kule kukipasha tena. Kilimomonyoka vipande viwili vyenye ukubwa wa punje ya mtama kwenye paja la mbuzi, siku ya wageni, na kipande kimoja hatukukiona.

Mnunuzi hataruhusiwa kila mara kukaa chini ya mwembe na kutazama. Kwa hiyo mimi hubeba tupa ndogo kwenye mkoba, na kabla ya kuitumia huomba ruhusa, maana ni adabu, na pia kwa sababu sura ya muuzaji anaposikia ombi hilo ni kipimo cha aina yake. Naipitisha tupa taratibu karibu na shina la makali, mahali ambapo alama haitaudhi mtu. Ikila chuma kwa urahisi kama inavyokula kucha, kisu hicho hakikupata moto au hakikuwa na kaboni. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, kimepata moto lakini hakikutulizwa kwa kupashwa tena. Ninachokitafuta kiko katikati: tupa inakwaruza kwa shida, kwa sauti kali, na inaacha alama nyembamba tu.

Kisha nakiinua nikiangalia kwa urefu wa mgongo kuelekea kwenye mwanga, kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Mpindo mdogo hunisumbua kuliko alama za nyundo, ambazo mimi binafsi nazipenda na sioni kwa nini watu huzisugua hadi zikaisha. Halafu nashika mpini kwa vidole viwili na kulipiga bapa kwa ukucha. Likilia vizuri nafurahi, likitoa sauti ya chungu chenye ufa naliacha. Mwisho naangalia rangi kwenye makali yenyewe. Doa la buluu hapo, hasa karibu na ncha, maana yake ni kwamba mtu alikinoa kwa mashine ya umeme bila kukipoza, na mahali hapo pameungua na kuwa laini. Sehemu hiyo italazimika kuondolewa kwa kunoa hadi ufike kwenye chuma kisichoungua.

Kuhusu umbo, watu wengi hukosea kwa kununua kisu kinene wakidhani unene ndio uimara. Springi ya lori huwa na unene wa milimita 8 au zaidi, na kuifua hadi ibaki milimita 2 ni kazi ya nusu siku, kwa hiyo mhunzi aliyechoka huishia kwenye 4 na kukuuzia kama kisu cha jikoni. Kisu cha namna hiyo kinaweza kuwa na makali ya kunyolea nywele za mkono na bado kisikate kiazi. Mimi hukipima kwa michembe. Anayetoka Usukumani anajua kazi hiyo: viazi vitamu vibichi, vilivyomenywa na kuachwa vinyauke kidogo, hukatwa vipande vyembamba vinavyolingana kabla ya kuanikwa, na ni debe baada ya debe. Kisu kinene kikiingia robo tu ya kiazi, kiazi kinalia "pwaa" na kupasuka kabla makali hayajafika chini. Vipande vinatoka vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, vinakauka bila kulingana, na vile vinene vinaota ukungu. Kisu chembamba hupita kimya. Nikienda kununua cha jikoni huchukua kiazi kimoja kibichi mkobani, na wachuuzi wamekwisha kunizoea.

Kwa samaki mambo hutofautiana tena. Kutoa minofu ya sangara kunahitaji bapa refu la sentimita 18 au 20, jembamba, linaloweza kupinda kidogo likifuata mifupa na kurudi lenyewe likiachiwa. Hapo ndipo msumeno wa mbao unapoizidi springi, kwa kuwa tayari ni mwembamba na umezaliwa kupinda na kurudi. Lakini kisu hicho hicho usikitumie kukata kichwa wala kuparia magamba. Kwa sato, kupara na kutumbua, nina kisu kifupi cha springi chenye mgongo mzito, ambao ndio ninaoutumia kuparia ili makali yabaki salama. Kamongo ni habari nyingine. Ngozi yake huyachosha makali yote, nami kila nikimleta nyumbani huanza kwa kunoa.

Cha nje, kwa maana ya shamba, safari na mtumbwi, ndicho ninachoruhusu kiwe na unene wa milimita 4, na bapa lisizidi sana urefu wa kiganja. Kaka yangu mdogo huvua upande wa Ukerewe, na kisu chake kina kazi moja ambayo ikitokea haina subira: kukata nyavu zilizojisokota kwenye pangaboi ya injini wakati upepo umeshaanza. Nailoni iliyolowa huteleza chini ya makali laini yaliyosuguliwa sana. Kwa hiyo chake hukimalizia kunoa kwenye jiwe lenye chembe kubwa kwa makusudi, ili makali yabaki na meno madogo yasiyoonekana, na mpini una tundu lenye kamba iliyofungwa boya dogo la nyavu. Visu vitatu alivipoteza ziwani kabla ya kufikiria boya hilo.

Mpini ndipo mkono unapoishi, na bado ndipo fedha hubanwa. Namna ya zamani ya kupasha moto mkia wa bapa na kuuchoma ndani ya mti si mbaya, ila mkia uwe mrefu, ufike angalau theluthi mbili za mpini, na uulize, maana hauonekani. Nikiweza huchagua bapa linalopita mpini wote, mbao mbili pembeni, na ribiti tatu zilizogongwa pande zote. Mninga unanifaa kuliko mpingo: mpingo ni mzuri wa kutazama na mgumu wa kuisha, lakini ni mzito, na ukisuguliwa ukang'aa huteleza kwenye mkono wenye utelezi wa samaki. Mtindo wa kuzungushia ukanda wa mpira wa tairi watu huudharau, nami nauheshimu kwenye mtumbwi. Jikoni siutaki, kwa sababu maji na shombo hukaa chini yake. Na kabla sijalipa, nalowesha mkono kwa maji na kushika tena. Mpini uliokaa vizuri kwenye mkono mkavu unaweza kuwa adui baada ya dakika tano za kutumbua sato.

Bei sitaisemea sana, kwani hubadilika kwa mtu na msimu. Kisu changu cha minofu nilikilipia shilingi 15,000, na cha nondo, kile kilichopinda, nilikilipia 10,000.

Kisu cha kufuliwa kina kutu yake, na anayetaka kukiacha kwenye beseni hadi asubuhi anunue cha dukani kisichoshika kutu. Siku ya kwanza kioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, kwa ajili ya ile oili chafu. Baada ya ndimu, nyanya au kitunguu kifute pale pale. Baada ya wiki chache bapa litaingia rangi ya kijivu yenye buluu kidogo, nayo si uchafu, usiisugue kwa steelwaya, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokizuia kutu nyekundu isianze. Kunoa, siwapi visu vyangu wanaopita mtaani na jiwe la baiskeli linalotoa cheche, na wala sinoi kwenye majabali yetu, ingawa mji mzima umejaa hayo; chembe zake ni kubwa na hazilingani, na hula makali bila mpango. Jiwe la dukani la pande mbili linatosha. Likikosekana, geuza kikombe cha kauri juu chini: ule ukingo mkavu wa kitako usiopakwa rangi hurudisha makali vizuri kabisa.

Mwezi uliopita nilimpelekea yule mzee kipande cha msumeno mpana nilichokipata kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, nikamwomba anitengenezee kisu cha michembe kwa ajili ya mama, chepesi, chenye mpini mfupi kwa kuwa vidole vyake havikunjiki vyema siku hizi. Alikivunja kona kwa nyundo, akaitazama ile sehemu iliyovunjika, ya kijivu, chembe zake laini kama za udongo wa mfinyanzi, akaridhika. Kisha akanitazama.

"Na hiki," akauliza, "kabla ya kuwa msumeno, unajua kilikuwa nini?"

Nikasema sijui. Akacheka, akakiweka kwenye mkaa, akaniambia nirudi Jumamosi.